Filamu ya Kumalizia

Haya yalimpata dada yangu, mshona mapazia, na mpaka leo nikimwona yule shoga yake navuka barabara. Walikuwa chanda na pete, wale.

Siku hizi kamera za zamani zimerudi. Mtu ana simu nzuri mfukoni, lakini anahangaika kutafuta filamu pana zilizokwisha muda, eti picha zake zina roho. Dada na shoga yake walikuwa kwenye kikundi cha wagonjwa wa kamera hizo. Mwiko wao ulikuwa mmoja: kamera yenye filamu haifunguliwi. Ukipewa, unamalizia.

Jumamosi moja asubuhi shoga alileta kamera ya sanduku.

"Zimebaki picha chache. Malizia wewe."

Hakuingia ndani. Hata chai aliikataa, yeye asiyekataa chai.

Dada alimpiga picha binti yake mdogo akicheza sebuleni, mpaka filamu ikaisha. Mchana akaisafisha bafuni, mimi nikimpimia dawa. Ilipokauka tukaitazama kwa programu ya simu, inayogeuza weusi wa filamu kuwa weupe.

Picha za mwanzo zilikuwa za mtoto wa shoga, kitandani, amekonda. Nyuma yake alisimama mwanamke aliyetupa mgongo. Picha ya pili, amesogea. Ya tatu, vidole vyake vimo kwenye nywele za mtoto.

Iliyofuata ilikuwa ya mlango wetu, shoga aliipiga kabla ya kubisha. Mwanamke yule yupo mbele ya mlango, anasubiri kufunguliwa.

Zilizobaki ni za sebule yetu. Yumo.

Dada akampigia shoga simu.

"Ulimwona?"

"Kwenye kidirisha cha kamera," shoga alinong'ona. "Anaifuata filamu, inapoishia anabaki. Mwanangu alikuwa ananifia, ningefanyaje?"

"Na wangu je?"

"Mpe mtu mwingine kamera. Leo leo, kabla filamu haijaisha."

"Nimeshaimaliza."

"Yote?" Akakata simu. Hakupokea tena.

Dada alilia kwa hasira kabla ya kulia kwa woga. Miaka yote ile ya kula sahani moja, kumbe siku ikifika atamtoa mtoto wetu badala ya wake.

Tukakimbilia sebuleni. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni peke yake, kichwa amekiinamisha, mkao wa anayesukwa. Tulimwacha nywele timtim. Sasa nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, imekazwa mpaka ngozi inang'aa.

"Mama, nyamaza," alinong'ona. "Hapendi kelele."

Tulizifumua pale pale. Ndani ya kila msuko mlikuwa na unywele mmoja mweupe, mrefu kuliko mkono wangu. Kwetu hakuna mwenye mvi.