Ndugu wa Nyumba ya Nyangi

"Sato ameondoka Bunda. Asivuke maji. Kwisha."

Redio ya Motorola ikanyamaza. Makongoro hakuhitaji maelezo. Sato, jina la redioni, alikuwa Masatu, fundi baiskeli wa Butiama, na wakati huo alikuwa anaipita Kabasa ndani ya pikapu ya Peugeot 504. Alikuwa ametekwa na mwenyewe hajui. Maskini, alivaa hadi viatu vya kanisani!

Aliambiwa anakwenda Ulaya kusomea injini.

Uongo mtupu. Kaka yake, Silasi, tajiri wa magendo ya pembe za ndovu, figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Dereva wa ile pikapu, Voss, daktari mgeni aliyefukuzwa kazi kwao, alimwahidi figo ya mdogo wake. Silasi alidhani kijana atarudi na figo moja. Voss alishapanga asirudi kabisa, maana maiti haitoi ushahidi.

Makongoro akapiga gia. Pikipiki yake, Honda XL, ikaruka.

Huo ulikuwa mwaka 1986, petroli ya kubembeleza, sabuni ya foleni. Jasusi wa Idara ya Usalama kama yeye alipewa lita nane na risasi sita, akaambiwa ashukuru. Akashukuru.

Kiabakari, redio ikakoroma. Esta, mwenzake, alikuwa misheni ya Nyegina.

"Kitabu cha ubatizo ninacho. Wote wawili wameandikwa watoto wa Wambura na Nyangi."

"Muulize katekista. Nyangi alizaa?"

Esta akauliza, akarudi redioni: "Anasema mama huyo hakuwahi kuzaa. Alioa. Wake wawili, kila mmoja akamletea mtoto."

Makongoro akaongeza mwendo.

Nyumba ntobhu. Watu wa Mara hawahitaji kufundishwa hilo. Mwanamke asiyejaliwa mtoto hutoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake, na wanaozaliwa ni wa nyumba yake. Baba mmoja, mama mmoja. Anayeuliza nani hasa aliyezaa, amewatukana wote.

Na Makongoro alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Yeye na kaka yake, Thadeo.

Miaka mitatu nyuma, katika hospitali moja ng'ambo, daktari alimuuliza: Thadeo ni nduguyo wa damu? Makongoro akajibu ndiyo, bila kupepesa. Angejibuje vingine? Kundi la damu lilifanana. Vipimo vingine vilitia shaka, lakini ndugu aliapa, nao wakaamini.

Figo yake ikahamia kwa Thadeo.

Lakini mwili una askari wake, nao hawajui ng'ombe wala mahari. Waliiona figo ni mgeni, wakaivamia. Madaktari wakawalaza askari kwa dawa. Wakaongeza dozi. Wakaongeza tena. Figo ikapona, ndiyo, ila askari waliolala hawakuziona chembe za Thadeo mwenyewe zilipoasi. Uvimbe ukaota shingoni, ukashuka kifuani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kilimchukua Thadeo, kikamuumbua Makongoro, aliyeficha bila kuumwa.

Tangu hapo Makongoro alikuwa analala peke yake, anakula peke yake, na akiulizwa ndugu zake anabadilisha mazungumzo. Iliuma. Hakumwambia mtu hata mmoja kwamba inauma.

Nyakato. Pikapu, sasa mbele ya macho yake, ikashika barabara kubwa, Makongoro akakata vichochoroni, kuku wakiruka huku na huku.

"Wee, utaua watu!" mama mmoja alifoka.

Uwanja wa ndege. Saa saba mchana, upepo wa ziwa unapuliza. Ndege ndogo, Cessna, ilikuwa imewasha injini. Mlangoni aliegemea Silasi, uso umevimba, miguu imevimba. Voss alikuwa anamshusha Masatu kwenye pikapu.

Bastola ya Browning mkononi, Makongoro akaruka kutoka kwenye pikipiki.

Voss alikuwa mwepesi zaidi. Mtutu wa bastola yake, Walther, ukagusa sikio la Masatu.

"Tupa chini," alisema kwa Kiswahili kizuri tu.

Makongoro akatupa. Akabaki na mdomo wake.

"Silasi," aliita. "Mama aliyekuzaa ni nani?"

"Nyangi!"

"Nimesema aliyekuzaa."

Loo! Hata rubani aligeuka. Silasi akafoka: "Umerogwa wewe? Hayo hayaulizwagi!"

"Najua. Sikuuliza, nikamzika kaka yangu. Nyie mama zenu wawili, na baba zenu anawajua Mungu. Mwili wako utaikataa hiyo figo. Huyu atakupa dawa, dawa italaza kinga yako, utaota uvimbe ufe vibaya. Mchukue tu huyo kijana. Mtakufa wote."

Voss akageuza shingo. "Uliniapia baba mmoja, mama mmoja!"

"Ndivyo," Silasi alisema. "Kwetu ndivyo."

"Mjinga! Damu zenu..."

Hakumaliza. Alikuwa anamtazama Silasi, na mtutu uliachana na sikio kwa upana wa kiganja. Ulitosha. Makongoro akampiga kumbo, mkono ukavunjika kwa sauti ya kuni kavu, Walther ikaanguka. Aliiokota, akafumua tairi la mbele la Cessna kwa risasi mbili. Ndege ikapiga magoti. Land Rover ya Esta ikaziba njia, polisi wakaruka.

Dakika nne. Kazi imekwisha.

Masatu alisimama palepale na begi lake.

"Umemtukana mama yangu," alisema.

"Nimekuokoa, ndugu."

"Usiniite ndugu." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Kaka angeniomba, ningempa. Si angesema tu?"

Akapita. Akapanda nyuma ya Land Rover alikofungiwa Silasi, akakaa karibu naye, akaushika mkono wake uliovimba, akaanza kumpepea na kofia. Silasi alilia kama mtoto.

Esta aliuliza kama awatenganishe.

"Waache," Makongoro alisema. "Mpeleke hospitali kwanza. Mahakama itamsubiri."

"Na wewe? Panda, kuna nafasi."

Aliwatazama wale wawili. Nafasi ilikuwepo, lakini si yake. Akawasha sigara ya Sportsman, akaiokota bastola yake na kuiweka kiunoni, akaifuata pikipiki yake taratibu.