Sindano Iligusa Nini

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa mashine ya kuchonga vyuma inayoendeshwa na kompyuta.

Mlango wa mashine ile una swichi inayoizuia kuzunguka ukiwa wazi. Rafiki yangu aliifunga swichi kwa waya, mashine izunguke hata mlango ukiwa wazi, ili kazi iende haraka. Siku moja shemeji yake, mume wa dada yake, aliyefanya naye kazi, aliingiza mkono humo, akavutwa, akafa. Msibani rafiki yangu alimwambia dada yake, "Waya aliufunga mumeo mwenyewe."

"Alikuwa mbishi, kaka," dada akajibu. "Asante kwa kutonificha."

Baadaye mashine ikarekebishwa, na rafiki yangu akaletewa mfuniko wa pampu uliolika, apime umbo lake ili achonge mwingine. Taa ya ndani ilikuwa imeungua. Akafunga mlango, akateremsha sindano ya kupimia. Kila inapogusa kitu hulia ti, na nukta hutokea kwenye skrini.

Ikalia kabla ya kuufikia mfuniko.

"Umelewa, bibi?" akaitania mashine.

Ikaendelea gizani, ti, ti, ikigusa hewa. Nukta zikachora kiganja kilichokunjuliwa. Kidole cha shahada kiliishia kwenye kiungo cha pili, kama cha shemeji yake kilichokatika tangu utotoni.

Akafungua mlango. Mlikuwa na mfuniko tu. Akaufunga, akapima upya, akiomba iwe hitilafu.

Safari hii sindano ililia polepole. Kiganja kilikuwa palepale, ila vidole vilikuwa vimekunjwa, na katikati yake nukta zilichora kitu chembamba, kirefu, kilichosokotwa kama waya.