Chetezo Kabla ya Kahawa

"Sabika, umerukwa na akili? Watu hawajanywa hata kahawa!" Jabr alimzibia dada yake mlango wa jikoni. "Chetezo ni cha kuagana. Ukikipitisha sasa unamfukuza mumeo mbele za watu!"

"Ndiyo maana nakipitisha."

"Na hivyo vibanzi juu ya makaa ni udi gani?"

"Mbao za sanduku la machungwa. Udi wa kweli yeye hastahili."

Jabr akajishika kichwa. Sebuleni alikuwa amekaa Ghanim, mume wa Sabika, pamoja na wazee wawili wa soko la udi la mji wa Muharraq aliowaleta wamwombee msamaha. Na Ghanim si mtu wa hivi hivi pale sokoni. Udi ukiletwa kutoka Assam au Kambodia, matajiri hawatoi hela mpaka aunuse yeye. Akisema ni mzuri, basi ni mzuri. Anakula kwa pua yake.

Ndoa yao ilikuwa ya kuonewa wivu. Siku ya harusi Ghanim alimchanganyia mkewe mafuta kwa mkono wake mwenyewe, udi, zafarani na waridi, akaapa hatamchanganyia mwanamke mwingine. Kila Alhamisi jioni Sabika alijipaka nyuma ya masikio, na Ghanim kabla hata hajavua viatu alikuwa anaita toka mlangoni:

"Unanukia kama siku ya harusi yetu!"

Kisha ikaja ile homa ya majira ya baridi iliyomlaza Ghanim kitandani. Alipoinuka, maneno yalibaki yaleyale, lakini yeye mwenyewe alikuwa mbali. Sabika akaingiwa na wasiwasi. Alhamisi moja hakujipaka kitu. Alitoka jikoni vilevile, ananuka samaki mpaka kwenye nywele, akasimama mbele ya mumewe.

"Unanukia kama siku ya harusi yetu," Ghanim akasema, akapita zake.

Samaki, jamani! Sabika alilia mpaka kwikwi ikamshika. Asubuhi simu ya Ghanim ikalia mezani, Sabika akausoma ujumbe: "Usikate tamaa, Ghanim. Njoo saa nne kama kawaida. Nawal."

"Nawal ni nani?"

"Mtu wa kazi tu."

"Kazi gani hiyo ya kukatiana tamaa?"

"Sabika, niache nipumue."

"Pumua, baba. Pumua na Nawal wako!"

Akafunga nguo zake, akahamia kwa kaka yake, akadai talaka.

Na sasa alimsukuma Jabr pembeni, akaingia sebuleni na chetezo kinafuka. Mzee Shahin, aliyekaa karibu na mlango, akakohoa na kukunja uso. Mwenzake akajiziba pua kwa ncha ya kilemba. Tusi walikuwa wamelielewa. Sabika akamsogezea Ghanim chetezo mpaka chini ya kidevu, akasubiri kuona aibu ikimpanda usoni.

Ghanim akainama. Akaupepea moshi kwenye ndevu, akaupeleka mpaka kifuani, macho ameyafumba.

"Mashallah," akasema. "Hata ukinifukuza, Sabika, umenifukuza kwa udi wa harusi yetu."

"Ghanim," Mzee Shahin akaita taratibu. "Huo ni udi wa wapi?"

"Wa Assam, mzee. Wa zamani. Kwani hamuusikii utamu wake?"

Mzee akaokota kibanzi kilichobaki ukingoni mwa chetezo, akamwekea kiganjani.

"Hii ni mbao ya sanduku la matunda, mwanangu."

Ghanim akakipapasa kile kibanzi. Kilikuwa bado na kipande cha karatasi ya chapa ya machungwa.

"Na mzigo wangu wa mwezi uliopita?" Mzee Shahin akauliza. "Uliunusa kwa kitu gani?"

Wazee wakatazamana, wakavaa viatu. Jabr akawafuata na birika la kahawa hadi barazani akiwasihi wakae wanywe kwanza.

Sabika alikuwa angali amesimama na chetezo mkononi.

"Ghanim... hunusi?"

"Tangu ile homa. Sinusi udi, sinusi moshi, sinusi chochote."

"Na Nawal?"

"Daktari wa pua. Kila nikienda ananinusisha limau na karafuu. Naona kama ananipa maji."

"Mbona hukuniambia? Mimi ni mkeo!"

"Ningekwambia nini? Kwamba ule mchanganyiko wako, kitu pekee nilichokupa ambacho hakuna mwanamke mwingine anacho, mimi siujui tena? Nilikuwa nahesabu siku za wiki, Sabika. Ikifika Alhamisi nasema yale maneno, nisikupoteze."

"Yarabi, nimefanya nini mimi!"

Simu ya Ghanim ikalia. Akaisoma, akampa aisome mwenyewe: "Mizigo yote uliyotupitishia tunaipeleka kwa mtu mwingine aikague. Usije dukani kesho. Shahin."

Sabika akaketi sakafuni miguuni pa mumewe, akalia kwa sauti bila kujali kaka yake amerudi na amesimama mlangoni. Soko zima lingekuwa linajua kabla ya adhuhuri ya kesho, na aliyeanika siri ni yeye, kwa mkono wake.

"Nirudishe nyumbani," akasema alipoweza kusema.

"Nyumbani kuna nini sasa? Nimekwisha, mke wangu."

"Nirudishe hivyo hivyo."

Ghanim akamwinua. Akamvutia kifuani, akainamisha uso kwenye nywele zake, pale nyuma ya sikio, akavuta pumzi ndefu. Akavuta tena.

"Niambie," akanong'ona. "Leo unanukiaje?"

Moshi wa lile sanduku ulikuwa umemganda Sabika kichwa kizima, mkali, mpaka unamwasha macho.

"Kama siku ya harusi yetu," akajibu.