Kalunde Alipoacha Kulia

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na tisa, naishi hapa Tabora mjini na mume wangu, mpagazi wa stesheni. Haya sikusimuliwa, yamenikuta mwenyewe!

Kalunde, binti yangu wa kwanza, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea nilipopata mimba nyingine. Basi, balaa! Mama mkwe akaja mbio kutoka Puge: maziwa ya mwenye mimba ni sumu, mtoto aachishwe mara moja. Na kwao mtoto huachishiwa kwa bibi yake, mama asionekane mpaka ziwa lisahaulike. Mume wangu akaitikia tu. Ningesema nini mimi?

Kalunde akabebwa mgongoni na bibi yake, akapandishwa lori la pamba, ananinyooshea mikono... mpaka leo naiona ile mikono!

Nilijikaza, nikashindwa. Nikaenda Puge. Mama mkwe alinikuta pembeni mwa shamba la karanga, hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Rudi! Akikuona tu, umeharibu kazi yote."

Nikamsikia mwanangu analia kule nyumbani, sauti imemkauka. Maziwa yakanilowesha kanga. Nikarudi Tabora.

Baadaye zikaja salamu: mtoto kazoea, halii tena, mpole ajabu. Majirani wakanipa hongera. Hongera ya nini? Kumbe mwanangu alikuwa amekata tamaa, jamani!

Mimba ile nayo ikaharibika. Nikaenda kumchukua Kalunde. Nikapiga magoti, nikamwita. Akanitazama kama anatazama ukuta. Hakulia, hakucheka, wala hakukimbilia kwa bibi yake. Nikamtolea ziwa mbele za watu bila haya... akageuza uso.

Nyumbani akawa akianguka haji kwangu. Anajipangusa magoti mwenyewe. Mume wangu akasema eti tuna bahati, mtoto hasumbui. Nusura nimrushie mwiko!

Sasa ni binti mkubwa, ana adabu zake. Lakini neno "mama" peke yake halijamtoka. Ananiita Mama Kalunde, kama wanavyoniita majirani.

Wanawake wenzangu, nawasihi! Mkiachisha, pakeni shubiri, pakeni pilipili, mtoto alie mpaka achoke... lakini alie mapajani mwenu. Mkiambiwa mjifiche, kataeni, hata mkiitwa wajeuri.

Jana amerudi kisimani kajikata mguu, damu inachuruzika. Nikamkimbilia nikilia mimi.

"Si kitu, Mama Kalunde," akasema, akapita na ndoo yake.