Arafa Hakunyamaza

Garimoshi la kutoka Daressalama lilikuwa limesimama stesheni ya Dodoma, vumbi halijatua, Arafa alipomwagiwa viluwiluwi.

Maji ya tope yalishuka kutoka kifuani hadi miguuni, yakaiharibu leso nyekundu aliyoivaa siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kijana aliyemgonga alikuwa amekwisha piga magoti katikati ya wachukuzi, anaokota viluwiluwi wake na kuwarudisha koponi.

"Wewe kaka," Arafa alisema, "umenilowesha mimi, halafu unawahurumia vyura?"

"Pole, dada. Lakini wewe ukikauka unakwenda zako. Hawa wakikauka wamekufa."

Arafa alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akachutama, akamsaidia kuokota.

Aliitwa Matonya, Mgogo aliyesilimu mwaka uliopita. Msikitini walimpa jina la Abdulkadiri, ila mjini hakuna aliyemwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kumtafutia vyura daktari mmoja wa Kijerumani, na kumchorea yanayoonekana kwenye hadubini, kile chombo cha kukuza vitu vidogo. Mtu mwingine kukikaribia ilikuwa marufuku. Mjerumani na marufuku, nani alimweza? Lakini kila adhuhuri alilala, na Arafa aliyeuza mayai jikoni kwake alizijua saa za usingizi ule kama muadhini ajuavyo saa za swala.

"Funga jicho moja," Matonya alimwambia. "Unaona nini?"

"Kama uzi. Unatambaa."

"Ni chembe ya mshipa wa fahamu wa kiluwiluwi. Miili yetu yote imejengwa kwa chembe, nazo husemezana. Hiyo inanyoosha mkono kuitafuta chembe ya nyama. Ikiitikiwa, mkia unatikisika, na kiluwiluwi anajua kuogelea."

"Isipoitikiwa?"

"Hunyauka. Nimezichora nyingi."

"Kwa hiyo hata kupenda kunaanzia huko?"

"Sijui. Mimi nachora tu."

"Mwongo," Arafa alisema. Alikuwa ameacha kuangalia hadubini zamani.

Mwezi wa tatu wa ziara hizo za mayai, Matonya alimsimamisha kisimani. Alikuwa amevaa kanzu safi, na mikono yake ilinukia sabuni.

"Arafa, nimtume mzee wangu kwa baba yako mdogo?"

Moyo ulimruka. Akainamisha kichwa, akauma pindo la leso, akanyamaza. Kwao, wajukuu wa watu wa misafara ya pwani, mwari akiulizwa habari ya ndoa hasemi. Kimya chake ndiyo ridhaa, na anayebwata "ndiyo" hana haya. Basi Arafa alinyamaza kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Matonya alingoja, akangoja, kisha akachukua kopo lake akaenda zake.

Mshenga hakuja. Wiki ya kwanza Arafa alijipaka wanja kila jioni, ya pili akaacha. Wiki ya tatu akaja mfanyabiashara wa Kondoa, mwenye wake wawili tayari, na baba mdogo Mbaruku, aliyemlea Arafa tangu afiwe na wazazi, akampokea kwa pilau. Jioni hiyohiyo shoga yake Sikuzani aliingia uani anahema.

"Matonya anahamia Tabora na daktari wake, garimoshi la kesho. Amekonda huyo. Anasema ulimkataa."

"Mimi? Nilinyamaza."

"Ndiyo hivyo, shoga. Kwa Wagogo, mtu akikusemesha usimwitikie, umemfukuza."

Arafa aliketi mkekani. Hasira zilimpanda. Alimkasirikia Matonya, bingwa wa chembe na vyura asiyejua kumsoma mwanamke. Akajikasirikia mwenyewe, na zaidi aliikasirikia desturi iliyomwachia mdomo wa kulia chakula tu.

Asubuhi wazee walikaa barazani pamoja na sheikh. Mbaruku aliuliza kupitia pazia.

"Arafa, mwanangu, mgeni wetu wa Kondoa anakuposa. Unaridhia?"

Kimya kikaanza. Wazee wakainua viganja kuomba dua.

"Siridhii," Arafa alisema.

"Mwari hasemi," Mbaruku alifoka.

"Mwari asiyetaka afanyeje, baba? Akohoe?"

Sheikh alishusha viganja polepole, ndevu zikimtikisika kwa cheko alilolizuia. "Mbaruku, binti kasema. Hapa hapana ndoa."

Arafa alitoka kwa mlango wa mbele, akawapita wanaume wote wale, amevaa ileile leso yenye doa la tope. Sokoni watu walimkodolea macho, naye akawakodolea. Stesheni alimkuta Matonya mlangoni mwa behewa, amepakata sanduku la hadubini.

"Mbukwa," Arafa alimwamkia kwa Kigogo, pumzi zikimpaa.

Salamu haiachwi bila jibu. "Mbukwa," Matonya aliitikia.

"Uliniuliza neno kisimani, nikakujibu. Kwetu sisi kimya ni ndiyo. Hukusikia, basi sikia sasa. Nakutaka. Shuka."

"Arafa, watu wote hawa wanasikia."

"Na wasikie. Wewe kunyauka unataka?"

Daktari alifoka kwa Kijerumani kutoka dirishani. Matonya alimkabidhi sanduku lake kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kisha akashuka. Filimbi ililia, garimoshi likaondoka na kazi yake.

Mbaruku alinuna miezi miwili. Mwishowe aliipokea posa ya Matonya, maana habari za mdomo ule zilikwisha fika Kondoa, na wachumba wa huko walikuwa wameghairi. Siku ya ndoa sheikh alimuuliza Arafa nyuma ya pazia, akatulia kukingoja kimya chake kama ilivyo desturi.

"Ndiyo," Arafa alisema. Walimsikia hadi stesheni.