Mambo Mawili Aliyoficha Muhdhar

Muhdhar hupika haluwa mtaani Kuze. Sufuria yake ni kubwa na mwiko ni mrefu. Haluwa ikianza kushika, haitaki mtu wa kupumzika. Ukiacha kukoroga, inaungua.

Kwa miezi mitatu bega lake la kulia lilimuuma. Mkono haukupanda kupita kifua. Hospitali walimpiga picha, wakasema mfupa ni mzima. Daktari alimpa dawa na mazoezi. Dawa alimeza, mazoezi hakuyafanya. Wanaume hawa nawajua, nina kaka wanne.

"Mkono huu ukifa, tumekwisha," alimwambia mkewe, Nasiha. Aliogopa kweli.

Nasiha alisikia habari za Mbodze, anayetibu huko Tononoka kwa kuchoma sindano zisizo na dawa, kwa mtindo wa Kijapani. Daktari alisema si vibaya kujaribu, mradi mazoezi yafanywe. Basi Alhamisi alasiri wakaenda.

Mbodze aliwaamkia, akafungua daftari.

"Ami, leo umekula?"

"Alhamdulillahi," akajibu Muhdhar.

Nasiha alimtazama. Mumewe alikuwa amefunga saumu ya sunna, kama kila Alhamisi. Lakini Muhdhar hapendi kuitangaza ibada yake, asije akaonekana ajionyesha. Nasiha naye hakutaka kumuumbua mumewe mbele ya mtu. Akanyamaza. Heshima ni kitu kizuri, lakini si mahali pote.

"Kuna dawa wameza?"

"Hizi za maumivu tu."

Mbodze alimlaza kitandani. Akamshika kifundo cha mkono asikie mapigo. Kisha akambonyezabonyeza tumbo.

"Mwanangu, laniuma bega," Muhdhar akasema.

"Najua, ami. Twaanza kwa kuusikiliza mwili wote kwa mikono."

Alifungua pakiti mpya mbele yao. Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele.

"Hizi hutumika mara moja tu, kisha hutupwa. Sizitii ndani sana. Huenda usihisi kitu, au uhisi uzito kidogo. Ukiona maumivu au kizunguzungu, nambie papo hapo."

Aliweka sindano ya kwanza kwa kutumia kijibomba kidogo cha kuiongoza. Muhdhar hakushtuka. Ya pili, ya tatu, ya nne. Alipoweka ya tano, jasho lilimtoka Muhdhar usoni. Midomo ikapauka.

"Nasiha," alisema kwa sauti ndogo, "nyumba yazunguka."

"Amefunga!" Nasiha akapiga kelele. "Tangu alfajiri hajatia kitu kinywani!"

Mbodze alitoa sindano zote haraka. Akamwinua miguu juu ya mito. Pale palipokuwa na sindano moja, damu ilitoka tone moja, kisha jingine. Mbodze akapakandamiza kwa pamba. Alipoinua pamba, damu bado ilitoka.

"Mama, ameza dawa ya kuzuia damu kuganda?"

"Ndiyo! Tangu mwaka jana, kila siku!"

Mbodze alikandamiza tena, akatazama saa ya ukutani. Nasiha alilia waziwazi. Alijilaumu kwa ule ukimya wake. Dakika zilipita. Mwishowe damu ilikata na rangi ikamrudia Muhdhar.

"Kufungua au kutofungua ni juu yako, ami. Lakini kizunguzungu kikikaa, twenda hospitali."

Muhdhar alifungua kwa maji na tende. "Ya sunna nitafunga siku nyingine," alisema. "Mwanangu, dawa ile si ya bega. Sikuona haja ya kuitaja."

"Dawa zote nataka kuzijua, ami. Usiziache, ila nami nijue, nitumie sindano chache na nikandamize zaidi. Mja mzito naye aseme. Na mtu mwenye njaa asije, ale kidogo kwanza. Mimi sikuulizi kwa udaku."

"Na bega litapona leo?"

"Hapana. Huenda kesho ukachoka, au ngozi ikavilia damu kidogo. Tujaribu mara sita. Usipoona nafuu, rudi kwa daktari. Na mazoezi ufanye."

Safari hii Muhdhar alitii. Alifanya mazoezi. Siku za matibabu hakufunga. Nafuu ilikuja polepole. Ilipofika mara ya sita, mkono ulipanda hadi juu ya kichwa. Maumivu hayakwisha yote, lakini alikuwa amerudi kukoroga, akipokezana na mwenzake.

Siku hiyo Mbodze alipofungua daftari, Muhdhar hakungoja kuulizwa.

"Nimekula uji saa sita. Dawa ya damu nimemeza, pakiti hii hapa. Jana mazoezi sikufanya, uvivu tu. Na mwezi ule wa kwanza nalikuwa nalia chooni, nikidhani mkono wafa."

Nasiha aligeuka akamtazama. Hilo la kulia hakulijua. Macho yake yalijaa machozi, kisha akacheka.

"Miaka ishirini na sita nakuuliza, 'Una nini, Muhdhar?' wanambia, 'Alhamdulillahi.' Ningalijua, ningalikuchoma sindano siku ya harusi!"