Simu Iliyosazwa

Asubuhi ile fundi alipoingia dukani kuwasha taa, viatu vyake vilikanyaga vioo. Simu zote za wateja zilikuwa zimeshushwa kutoka kwenye rafu, zimelazwa chali mezani, na kila moja imepigwa nyundo katikati ya kioo. Nyundo yenyewe, ya kwake, ilikuwa imerudishwa vizuri kwenye msumari wake.

"Mungu wangu! Nimekwisha!"

Mtaa mzima ulimwita Daktari, kwa ule ubao wake wa mlangoni, "Daktari wa Simu", na kwa majivuno yake pia. Inspekta aliyekuja alikuwa mama wa makamo mwenye simu ya vibonye, na Daktari aliitupia jicho la dharau hata katika balaa lile.

"Hakuna iliyopona?" Inspekta aliuliza.

"Moja tu, hii yangu ya kazi. Huwa naiacha hapa kwenye chaji." Ilikuwa imezimwa, kioo hakina hata mkwaruzo. Aliichukua akaibusu. "Afadhali. Humu mna vitu siwezi kuvipata tena."

Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo hufichwa juu ya boksi la mita, na waliojua ni watatu: Daktari mwenyewe; shemeji yake (mjane wa marehemu kaka yake) anayeuza kava na chaja kaunta ya mbele; na jirani anayeuza simu mpya, waliyemwita Bosi.

"Ni Bosi!" Daktari alifoka. "Kila siku anawaambia wateja wangu kutengeneza simu ni ushamba."

Bosi alipoitwa hakukana. "Nasema na nitasema. Simu za sasa zimegandishwa kwa gundi, ukizifungua umeziua. Hizi mpya zinahifadhi kila kitu mtandaoni, zina akili mnemba, zinakujibia hata ujumbe wa mama mkwe! Yeye ugonjwa wowote dawa yake moja, futa kila kitu anza upya. Lakini nivunje simu za watu? Nina watoto, afande."

Inspekta alirudi mezani. Kando ya kila simu kulikuwa na kifuko cha plastiki, na ndani yake laini na kadi ya kumbukumbu ya mteja.

"Ulizitoa wewe?"

"Mimi? Sina muda huo."

"Na kioo kikivunjika, picha za mteja zinapotea?"

"Hapana. Nikibadilisha kioo, kila kitu kipo. Ila vioo vyote hivi nitavilipia mimi!"

"Basi huyu alitaka uumie wewe, wateja wasipoteze kitu. Mshindani wako angefurahi wapoteze, wakuchukie. Hebu washa hiyo yako."

Daktari akaiwasha. Kioo kikaandika: *Karibu. Chagua lugha.*

Akakaa kwenye stuli. "Imefutwa! Haiwezekani. Lazima mtu ajue namba yangu ya siri."

"Ambayo ni?"

"Mwaka aliozaliwa kaka."

Inspekta aligeukia kaunta. Shemeji alikuwa anapanga kava ambazo zilikwisha kupangwa.

"Mwaka huo nani mwingine anaujua, mwanangu?"

"Mimi," alisema, bila kupepesa macho. "Na sijutii."

"Shemeji! Nimekukosea nini?"

"Unaniuliza?" Alitoka nyuma ya kaunta. "Kaka yako alipokuwa kitandani, na mimi nina mimba, kila asubuhi alimrekodia mwanawe. Hadithi, nyimbo, kwa sauti yake ile mbaya. Simu ikagoma kuwaka. Nikakuletea wewe, ndugu yake wa damu, nikakwambia usifute. Nikarudi nikaikuta inawaka, tupu! Ukaniambiaje? Sema mbele ya afande!"

Daktari aliinamisha kichwa. "Nilisema... ungehifadhi kwingine. Shauri yako."

"Shauri yangu! Mtoto ananiuliza baba alikuwa anaongeaje. Nimeuza kava zako, nimekuchekea, nasubiri tu. Nilitaka uwashe simu ukaribishwe kama mgeni, uone moyo unavyofanya. Na vioo ulipe mpaka uchakae! Wateja sikuwapotezea kitu, hawajanikosea. Nifunge pingu, afande. Roho yangu imetulia."

Inspekta alizitoa pingu, lakini macho yake yalikuwa kwa Daktari. Mtu yule wa makelele alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Humo ndani mlikuwa na nini?"

"Kaka," alisema Daktari. "Alikuwa ananitumia zile rekodi, nimwambie ipi imetoka vizuri. Nilizisahau kabisa. Juzi nikazikuta, nikaanza kuzisafisha makelele, nimpe mtoto siku yake ya kuzaliwa. Niliona haya kukwambia, shemeji. Nilitaka nije kuomba msamaha nikiwa na kitu mkononi."

Shemeji alishika ukingo wa kaunta.

"Ziko mtandaoni. Sema ziko mtandaoni!"

"Sikuhifadhi kwingine."

Hakuna aliyemwambia shauri yake. Shemeji alinyoosha mikono, Inspekta akadhani anaitoa ifungwe pingu, kumbe anaisukuma ile simu irudi kifuani kwa Daktari, kwa mtu aliyemchukia kuliko watu wote duniani.

"Jaribu," alimwambia, machozi yakimwagika. "Si wewe ni daktari? Shemeji, jaribu."